Miaka 19 ya ufundi, Prius imenionyesha nisichokijua. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi magari, elimu yangu darasa la saba, ufundi nimeupatia chini ya mwembe. Kabureta naifungua nimefumba macho.

Wiki iliyopita mteja kaleta Toyota Prius, haibridi (gari la petroli na umeme), taa ya onyo inawaka. Nikajifanya najua. Nimeshainama na spana yangu, kijana wangu (ana miezi 8 tu gereji) akanidaka mkono: "Mzee, waya za rangi ya chungwa usiguse, umeme wake unaua!" Kumbe betri kubwa ya lile gari inapita volti 200. Mimi nimezoea za volti 12. Usiku sikulala.

Sasa nataka kusoma. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) najua wana urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi wa mtaani kama sisi, lakini cheti cha ninachokijua tayari hakitanifundisha haibridi. Nianze na kozi fupi ya umeme wa magari, au ninunue kwanza mashine ya kupimia hitilafu za gari? Kiingereza changu cha kuombea maji. Na wateja wakiniona darasani na vijana, si watakimbia?