Naomba ushauri: ThinkPad yangu ya zamani, niihamishie Linux au ninunue nyingine?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Raskazone, Tanga. Natumia kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T460 niliyoinunua ikiwa imetumika, ambayo nimeiongezea RAM ikafika GB 16 na kuiwekea SSD badala ya diski iliyokuwa ikikoroma kama mashine ya kusaga, na tangu hapo huwaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Kasoro ni prosesa yake ya Intel ya kizazi cha sita, ilhali Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuiacha mashine nzima namna hii, kwa maoni yangu, ni israfu.

Nimeijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, kwa flashi bila kuisakinisha, na Wi-Fi na sauti vilikubali mara moja. Kinachonizuia ni wateja wangu, ambao huniletea majedwali ya Excel yenye makro, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi vyenyewe ndani ya jedwali. LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, huyafungua, lakini baadhi ya makro hugoma. Tena upepo wa bahari umeshaacha kutu ya kijani kwenye tundu la USB la kulia.

Je, niweke mifumo yote miwili, Windows 10 ibaki bila intaneti kwa ajili ya Excel tu, au nitafute mashine iliyotumika ya kizazi cha nane? Aliyewahi kuhangaika na makro hizo naomba anieleze alivyofanya.