Majani ya mbuni (mti wa kahawa) yamekauka: kasoro ya hoja hii iko wapi?

Swali: Ndugu zangu, jirani huku Masaka anasema: "Mbuni ukishikwa na ugonjwa wa mnyauko, majani hukauka. Majani yamekauka, basi ni mnyauko." Kila kauli naiona kweli. Kosa ni lipi?

Mwalimu_Mbale: Hitimisho halifuati. "Ikiwa A (mnyauko), basi B (majani kukauka)" haisemi kuwa B huletwa na A pekee. Ukame hukausha majani; mdudu anayetoboa vijiti naye hukausha matawi. Ipime hivi: tafuta hali ambamo kauli zote mbili ni kweli na hitimisho si kweli. Ukiipata hata moja, hoja imeanguka.

Swali: Na akisema majani ni mabichi, kwa hiyo si mnyauko?

Mwalimu_Mbale: Umbo hilo la hoja ni halali: B haipo, basi A haipo. Ila sasa kagua kauli ya kwanza, maana mti ulioambukizwa karibuni huwa bado una majani mabichi. Umbo zuri haliokoi kauli mbovu.

Kahawa_Mukono: Mwambie abandue gome la shina. Mnyauko huacha michirizi ya bluu na nyeusi kwenye mti chini ya gome, ukame hauiachi. Ushahidi wa kutafuta ni huo unaotenganisha sababu.