Wakuu naomba ushauri, kusoma muziki kitaaluma nishike tawi gani?

MtotoWaDom: Heshima kwenu wakuu. Naanza masta ya muziki, siyo kupiga, kuuchambua. Nimerithi ilimba (ala ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba) ya marehemu babu, Mgogo, nikataka kuandika kuhusu hiyo, mwalimu karudisha wazo langu kaandika tu "unasimama wapi?" Mara historia, mara akustika (sayansi ya sauti), mara etnomuzikolojia (muziki ndani ya maisha ya watu), kichwa kinaniuma. Halafu nimeipima kwa tyuna ya simu (app ya kupima noti), kuna noti kila nikiigonga sindano inasoma senti (vipimo vidogo vya sauti) kama 30 chini. Niirekebishe kwanza?

FundiZeze: USIIGUSE mkuu!! Wagogo wanafuata harmoniki, yaani zile sauti ndogondogo zinazojificha ndani ya sauti moja. Ya saba inakaa senti 969, kinanda kinataka 1000, toa uone inabaki ngapi, si ndiyo 30 zako hizo. Hizo senti zenyewe alizileta Ellis, Muingereza, 1885, oktavu moja (do mpaka do ya juu) senti 1200, akapima skeli za mataifa kibao akakuta kila watu na zao, sasa wewe unataka kuinyoosha ya babu kwa app?

Kijiweni: Masta ya muziki, na ajira je? 😂

BintiMakunduchi: Kijiweni tuache. Mdogo wangu, tawi litakuja lenyewe, kwanza sema unataka kujua nini. Noti kwa nini iko pale, hiyo akustika. Nani anaruhusiwa kuipiga na kwenye shughuli gani, hapo ukakae kijijini miezi, tyuna haitokusaidia kitu. Mie niliingia kwenye taarab na historia, Siti binti Saad, muimbaji wa Zanzibar, na safari ya Bombay kurekodi 1928, nikaishia kuandika kuhusu kutuza, yaani kumpelekea muimbaji hela. Maana ukumbini nilimuona mama mmoja katulia nyimbo nzima, ulipofika ubeti fulani akanyanyuka na noti yake ya hela juu, anacheza taratibu kwenda kwa muimbaji lakini macho yote kayakaza meza ya pili. Muimbaji hata hakumtazama. Santuri haikwambii hilo, ikabidi niwaulize watu.

FundiZeze: Dada kaongea. Ila usidharau vipimo, vyote viwili anaweza.

MtotoWaDom: Asanteni sana. Nimempigia mjomba muda huu, anasema babu kabla hajaimba alikuwa anakigonga kile chuma cha noti ile kidogokidogo, anakirudisha ndani anakitoa nje, mpaka kikubaliane na koo lake siku hiyo, akiwa na mafua kinahama. Sasa hilo nalo tawi gani jamani?