Magunia Yatalala Wapi?

WAJUKUU WA BIBI 🌿 (washiriki 17)

*Jumatano*

20:11 Dada Rehema: Habari za jioni ndugu zangu. Mzigo unafika Jumamosi asubuhi. Mchele magunia mawili ya kilo 50, maharage gunia moja, unga, chumvi, mafuta madumu mawili ya lita 20. Swali ni lile lile la Jumapili. VITAKAA WAPI?

20:12 Dada Rehema: Kila mtu aseme ana nafasi gani. Uvunguni, juu ya kabati, nyuma ya mlango, popote.

20:40 Dada Rehema: Mmeona watu 13. Aliyejibu hakuna.

20:52 Hamisi: Nyuma ya mlango wangu nimelala mimi mwenyewe 😂

20:53 Mwanaidi: 😂😂

20:53 Dada Rehema: Hamisi, hatuchezi.

20:55 Hamisi: Na mimi sichezi. Gunia likiingia humu, mmoja wetu atoke. Na kodi nalipa mimi.

21:03 Mama Zuu: Hivi si tulisema kila nyumba iongeze chake kidogo kidogo? Leo kilo mbili, kesho kutwa mbili. Magunia kaamua nani?

21:04 Dada Rehema: Yaliamuliwa humu humu. Panda juu usome. Na baada ya wiki ile, mwenzangu, wewe ndiye uliyelia kuliko wote.

21:05 Mama Zuu: Sawa.

21:31 Kaka Idi: Juu ya friji kwangu pako tupu. Na lile kabati la juu ya jiko.

21:33 Dada Rehema: Kaka Idi, juu ya friji pana joto, juu ya jiko pana joto na mvuke. Mafuta yataharibika kabla hujayafungua. Yanataka giza na baridi. Tafuta kona nyingine.

21:34 Kaka Idi: Kona nyingine ni stoo ndogo ya kibarazani.

21:34 Mama Zuu: Yenye mafuta ya taa na sabuni? Asante. Ule mchele tulioula ukinuka sabuni ulitoka wapi?

21:36 Kaka Idi: Hiyo ilikuwa mara moja.

21:36 Hamisi: Mara moja iliyodumu miezi mitatu. Nilikuwa nikipiga mswaki naona kama nakula wali 😂😂

21:37 Mwanaidi: 😂😂😂 nimemwaga chai

21:38 Dada Rehema: Jamani. Jumamosi. Imebaki kesho na keshokutwa.

*Alhamisi*

06:20 Dada Rehema: Asubuhi njema. Narudia swali.

06:21 Dada Rehema: Nimeshapiga hesabu. Ndoo ya lita 20 inabeba mchele kama kilo 16. Magunia mawili ni ndoo 7, ya mwisho haitajaa sana. Nani ana ndoo zenye mfuniko unaobana? SI ndoo za rangi ya ukuta. Za chakula.

07:48 Mwanaidi: Dada, ndoo yangu urefu wake sm 38. Uvungu wa kitanda nimepima kwa rula ya mtoto, sm 22. Haingii hata kwa dua.

07:49 Mwanaidi: Ila chupa za maji za lita moja na nusu zinaingia zikilazwa. Moja inabeba mchele kilo na kidogo. Nimejaribu jana usiku, nimelaza 12 kwa mstari, kitanda hakijui kama kuna kitu.

07:52 Dada Rehema: Hapo sasa umeongea! Umeziosha?

07:55 Mwanaidi: Nimeosha, nimezianika vichwa chini siku nzima. Tone moja likibaki ndani ni ukungu. Na unajaza mpaka mdomoni, unagonga chini punje zishuke, unajaza tena. Hewa ikiwa kidogo na kifuniko kimebana, fukusi anakosa pumzi.

07:56 Mama Zuu: Fukusi anaingiaje humo kwanza?

07:58 Mwanaidi: Haingii, anakuja naye. Yai limo ndani ya punje tangu huko mchele ulikotoka. Ndiyo maana gunia likiwa safi leo, mwezi ujao linatembea.

08:10 Hamisi: Mnakumbuka wa kwa Kaka Idi? Walipanda ukutani wakapita juu ya kalenda. Tarehe 14 ilikuwa inatembea 😂

08:11 Kaka Idi: Nimenyamaza.

08:15 Shangazi Tatu: *(Umesambazwa mara nyingi)* WEKA PILIPILI KAVU NA MAJANI MAKAVU KWENYE MCHELE, WADUDU HAWATAGUSA MIAKA 5. TUMA KWA WATU 10.

08:17 Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Harufu labda itamkera mdudu wa nje, ila yai lililoko ndani ya punje halisikii pilipili.

08:18 Shangazi Tatu: Marahaba. Mimi nimetumiwa tu.

12:40 Dada Rehema: Unga nimeamua hivi. Mama Zuu una friza. Utaulaza humo siku nne kwa zamu, mfuko ukiwa umefungwa. Ukiutoa USIUFUNGUE mpaka upoteze baridi yote, la sivyo unatoa jasho na kuganda mabonge. Halafu ndiyo uende kwenye ndoo.

13:15 Mama Zuu: Umeamua. Na friza ni yangu.

13:16 Dada Rehema: Basi naomba.

13:20 Mama Zuu: Ukishaomba tutaandika na nani atashika ufunguo? Maana historia tunayo.

13:21 Hamisi: 👀

13:24 Dada Rehema: Mama Zuu, tusianze.

13:25 Mama Zuu: Sijaanza mimi. Lilianza kufuli.

13:31 Dada Rehema: Niliweka kufuli kwa sababu dumu zima la mafuta liliisha kwa siku 9. SIKU TISA. Na wote humu mnajua lilikwenda wapi.

13:32 Hamisi: Jamani mimi nina maji ya kuchota, tutaonana baadaye

13:33 Kaka Idi: Si ulikuwa unacheka wewe?

13:40 Mama Zuu: Mafuta hayakuwa ya mtu mmoja. Aliyeyachukua alikuwa na shida, angeulizwa angesema. Ila wewe ulipenda ufunguo uning'inie shingoni mwako.

13:41 *Ujumbe huu umefutwa*

13:41 Mama Zuu: Nimeshausoma.

14:05 Shangazi Tatu: Makopo yaliyobonyea yanaliwa?

14:09 Mwanaidi: Shangazi, likibonyea kidogo tu ubavuni halina neno. Likibonyea kwenye mshono, likivimba, au likirusha maji ukilifungua, tupa. Usionje hata kwa ncha ya ulimi.

14:10 Shangazi Tatu: Lililovimba nimempa jirani jana

14:10 Mwanaidi: SHANGAZI MPIGIE SASA HIVI

14:26 Shangazi Tatu: Alikuwa hajalifungua. Kalitupa. Ananuna.

19:02 Zuu: Shikamooni wote. Ni Zuu, natumia simu ya bibi. Nimemsomea yote, hata yale ya mchana. Anasema niandike neno kwa neno nisipunguze.

19:06 Zuu: "Nimesikia mnahesabu ndoo na chupa. Chumba cha marehemu babu yenu kimekaa bure. Dirisha lake haliingizi jua, sakafu ni kavu, na zile chaga za kitanda chake bado zipo. Ziwekeni chini, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Cha zamani kikae mbele, kiliwe kwanza."

19:08 Zuu: "Sharti langu ni hili. Mlango ule hautatiwa kufuli. Niliwahi kusimama nje ya stoo na bakuli mkononi, namngoja mtoto niliyemlea mwenyewe arudi na ufunguo wa unga. Sikusema siku ile. Leo nimesema."

19:08 Zuu: Mwisho. Amerudi kulala.

19:55 Kaka Idi: Bibi, shikamoo. Tumesikia.

20:03 Shangazi Tatu: Mama 😔🙏

20:30 Mwanaidi: 🙏

*Ijumaa*

05:58 Dada Rehema: Sikujua kuhusu bakuli.

06:40 Mama Zuu: Friza nimeipangua jana usiku. Inaingia mifuko minne kwa mkupuo, zaidi ya hapo samaki wangu wanaoza.

06:41 Dada Rehema: Ahsante.

09:17 Hamisi: Nitakuja kubeba. Yale mafuta ya zamani nitayazungumza na bibi mwenyewe, siyo humu.

09:20 Kaka Idi: Dumu moja la mafuta nachukua mimi. Litakaa chini ya meza, limefunikwa, mbali na jiko. Nimepima. La pili?

11:02 Binamu Musa: Ndo nafungua simu. Mzigo gani huo? Mimi pia nimo kwenye mchango?

11:03 Dada Rehema: Musa panda juu usome.

16:45 Mwanaidi: Chupa nimefikisha 31. Zikijaa zote ni kama kilo 37, zinazobaki ni za kwa bibi. Anayeniletea nyingine alete kavu, aliyeleta zile mbili za soda hakuziosha, sisimizi wamefika kitandani kabla ya mchele.

17:10 Kaka Idi: Dumu la pili jamani?