Injini yetu ya sataranji inaharibiwa na sheria za kila kipigo. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaficha. Hapa Ngamiani, Tanga, tuna kikundi cha vijana tunaounda injini ya sataranji, yaani programu ya kompyuta inayocheza mchezo huo. Anayeshika msimbo mkuu ana ugonjwa mmoja: programu ikipigwa mechi, usiku huohuo anachomeka sheria mpya ya kuzuia kipigo kilekile. Hapimi, haulizi mtu. Asubuhi tunakuta msimbo umenenepa.

Mfano huu hapa. Tukicheza weupe, askofu wetu (kete inayokwenda mshazari) alikula kitunda, ile kete ndogo, kwenye nyumba ya a7, mpinzani akasukuma b6, askofu akanaswa. Kosa la zamani, kila mcheza sataranji analijua. Jamaa akaandika: askofu akiwa a7 na kitunda cha adui kikiwa b6, punguza pointi 150, yaani thamani ya kitunda kimoja na nusu. Basi, kamaliza! Hakujisumbua kuangalia kama b8 iko wazi. Mechi iliyofuata kitunda cha bure kimekaa a7, b8 iko wazi kabisa, askofu angepitia hapo akatoka salama. Injini ikagoma kula! Tukaambulia sare kwenye mechi ya kushinda.

Dawa yake ilikuwa kanuni moja ya jumla: hesabu nyumba salama ambazo kila kete inaweza kwenda. Askofu asiye na pa kutokea ataonekana tu, awe a7, h7 au katikati ya kibao. Farasi aliyebanwa pembeni naye anaingia humohumo. Badala yake tuna rundo la masharti, na kila moja linakaguliwa kwenye kila msimamo, yaani mpangilio wa kete kibaoni, injini inaoupima. Muda unaliwa, kina cha kutafuta, yaani hatua za mbele injini inazoziona, kinapungua.

Sisemi sheria maalumu zifutwe zote. Ukiwa na askofu na kitunda cha safu ya a au h, na nyumba ya kugeukia malkia si ya rangi ya askofu wako, mfalme wa adui akishajikita kwenye ile kona ni sare. Hesabu ya kete itakudanganya kwamba unaongoza mno. Hapo andika sheria, maana inathibitika kibaoni, haikutokana na hasira za kufungwa jana.

Nikimwambia ananitajia Deep Blue, kompyuta ya sataranji ya IBM, eti ilikuwa na vigezo kama 8,000 vya kupima msimamo. Ndiyo, na ilikuwa na chipu zake maalumu, ikipima misimamo kama milioni 200 kwa sekunde ilipomfunga bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997. Sisi tuna laptopu! Halafu mwaka 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind, ikafundishwa sheria za mchezo tu, ikajichezea yenyewe, ikaifunga Stockfish, injini maarufu ya sataranji, mechi 28 kati ya 100 bila kupoteza hata moja. Na haohao Stockfish, badiliko lao dogo tu linachezeshwa maelfu ya mechi ndipo likubaliwe. Tathmini iliyoandikwa kwa mkono, yaani sheria za kupima msimamo zilizotungwa na watu, walishaitoa yote kufikia 2024. Yetu ndiyo kwanza inaongezwa!

Ninachodai: kila sheria aliyochomeka itolewe, toleo lenye sheria licheze na lisilo nayo, mechi za kutosha, kwa muda uleule. Isiyoongeza ushindi isirudi. Na kabla ya hapo, asiguse msimbo mkuu peke yake usiku.