Huduma ya kuacha sigara kituoni inamsaidiaje mtu aliyekwisha kujaribu mwenyewe akashindwa?

Mwulizaji

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimevuta sigara kwa miaka 19, na sasa navuta takribani pakiti moja kwa siku, ya kwanza nikiiwasha kabla hata sijanawa uso. Nimejaribu kuacha mara tatu kwa nguvu zangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilidumu siku 4, mara ya pili siku 11, na mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi, nilifikisha miezi miwili hadi rafiki aliponiomba nimshikie sigara yake ili afunge kamba za viatu.

Nimesikia kwamba kituo cha afya kilicho karibu nami kina huduma ya kuwasaidia watu kuacha tumbaku, lakini mambo mawili yananizuia kwenda. Kwanza, sielewi mhudumu wa afya atanifanyia nini ambacho sikukifanya mwenyewe, kwa kuwa madhara ya sigara nayajua, na pakiti yenyewe hunikumbusha kila ninapoifungua. Pili, miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutibiwa kikohozi katika zahanati moja, na tabibu alinikaripia mbele ya wagonjwa wengine kama mtoto aliyeiba sukari. Nikatoka pale na karatasi ya dawa mkononi na hamu ya kuvuta kubwa kuliko niliyoingia nayo. Naomba aliyepitia huduma hizi, au anayefanya kazi humo, anieleze kwa ukweli kinachofanyika na kama kuna manufaa yoyote kwa mtu wa aina yangu.

Muuguzi mshauri

Pole kwa yaliyokupata. Aliyekukaripia alikosea kitaaluma, mbali na kukukosea adabu, kwa sababu mvutaji aliyeaibishwa hujifunza kuficha, na anayeficha hatibiki. Mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi ya ushauri wa kuacha tumbaku kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakueleza mambo kama yanavyokuwa pale chumbani.

Siku ya kwanza kazi yetu kubwa ni kusikiliza. Utaulizwa unavuta sigara ngapi, lakini swali tunalolitegea sikio zaidi ni dakika ngapi hupita baada ya kuamka kabla hujawasha ya kwanza. Swali hilo limo katika dodoso fupi la maswali 6 linalojulikana kwa jina la Fagerström, ambalo hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 za kuonyesha kiasi cha uraibu. Jibu lako la kuvuta kabla ya kunawa uso linaeleza mengi. Nusu ya nikotini, yaani kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, iliyomo katika damu huondoka kwa takribani saa 2, hivyo mtu aliyelala usiku kucha huamka akiwa amebakiwa na kidogo sana, na mwili uliozoea hudai haki yake hata kabla ya maji.

Kisha tutakuuliza juu ya yale majaribio matatu. Wengi huyaleta kama mashtaka dhidi yao wenyewe, ilhali sisi tunataka tu kujua kila moja liliishia wapi. Siku 4 na siku 11 zinaniambia kwamba uliangushwa na mwili: hasira za karibu, kukosa usingizi, kutotulia, njaa isiyoisha na kushindwa kuweka akili mahali pamoja ni dalili za kukosa nikotini, nazo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na kwa wengi hufifia baada ya wiki 2 hadi 4. Ila aliyefika miezi miwili alikuwa amekwisha kuivuka vita hiyo. Aliangushwa na mkono uliozoea kushika, pamoja na dakika moja ambayo hakuwa ameipangia. Kwa hali ya kwanza kuna dawa. Kwa hali ya pili tunakaa nawe na kuandika, jambo kwa jambo, ni nani unayevuta naye, ni saa zipi, ni baada ya nini, na utasema maneno gani hasa siku rafiki atakapokunyoshea mkono. Watu hucheka tunapowaambia wayatamke maneno hayo kwa sauti, kisha wiki mbili baadaye hurudi wakisema yalitumika.

Baada ya hapo huchaguliwa tarehe ya kuacha, kwa kawaida ndani ya wiki mbili zinazofuata, na unapangiwa kurudi au kupigiwa simu kila wiki, angalau kwa wiki 4 za mwanzo baada ya tarehe hiyo. Kwa maoni yangu, kurudi huku ndiko kunakobeba huduma nzima. Katika watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ni kati ya 3 na 5 tu ambao huwa bado hawavuti miezi 6 hadi 12 baadaye. Ushauri pamoja na dawa huongeza nafasi hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuna mshauri mwaminifu atakayekuahidi kwamba utafaulu safari hii. Ukiteleza ukavuta moja, njoo useme. Wanaopotea ni wale wanaoona haya kurudi.

Wala usidhani kwamba unaomba hisani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulioandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani, ambao ulianza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama, katika Ibara ya 14, kuweka matibabu ya uraibu wa tumbaku ndani ya huduma zao za afya.

Mvutaji wa zamani

Namheshimu dada muuguzi, lakini naomba kutofautiana naye kidogo. Mimi niliacha siku moja tu, bila dawa wala mshauri, na sasa ni mwaka wa sita. Mtu akiamua ameamua. Kumpa nikotini mtu anayekimbia nikotini naona ni sawa na kuhamisha deni kutoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine.

Mfamasia

Kaka, hongera kwa miaka hiyo sita, na ni kweli kwamba wengi walioacha sigara waliacha hivyo ulivyoacha wewe. Hata hivyo, waliojaribu kwa njia hiyo wakarudia ni wengi kuliko hao, na ndugu yetu ni mmoja wao mara tatu. Kuhusu deni, tofauti iko katika mwendo. Moshi hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20 tu, na mpigo huo wa ghafla unaorudiwa mamia ya mara kwa siku ndio unaojenga uraibu. Kibandiko cha ngozini huingiza nikotini polepole kwa saa nyingi, bila lami na bila kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo katika moshi, kisha nguvu yake hupunguzwa kwa hatua, kwa mfano kutoka miligramu 21 hadi 14 na hatimaye 7. Vibandiko na jojo za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009.

Ninachokiona mara kwa mara dukani ni watu kusema dawa haikuwafaa, kumbe waliitumia vibaya. Jojo ya nikotini haitafunwi kama jojo ya kawaida. Hutafunwa taratibu hadi ladha kali itoke, kisha hubanwa kati ya shavu na ufizi, kwa kuwa nikotini hufyonzwa na ngozi laini ya kinywa. Ukiimeza pamoja na mate utapata kwikwi na kiungulia, na hamu itabaki palepale. Kahawa, soda na juisi za matunda huzuia ufyonzwaji huo, hivyo viepukwe kwa dakika 15 kabla ya kutafuna. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka huhitaji jojo ya miligramu 4, siyo ya 2, na kwa mvutaji mzito kuunganisha kibandiko na jojo hufaa zaidi kuliko kimojawapo peke yake. Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia kidogo mno na kuacha mapema mno.

Zipo pia dawa zisizo na nikotini. Vareniklini huanzwa takribani wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha na hutumiwa kwa wiki 12. Bupropioni haifai kwa mtu mwenye kifafa. Sitisini, ambayo imetumika Ulaya ya Mashariki tangu miaka ya 1960, ilipendekezwa pamoja na hizo nyingine katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024. Upatikanaji wake hutofautiana, kwa hiyo uliza kituoni kwako kuna zipi.

Aliyepita katika huduma

Mimi niliacha kupitia kliniki, na kilichonishika kilikuwa kile kifaa cha kupuliza kinachopima kaboni monoksidi katika pumzi. Siku ya kwanza kilisoma 24. Siku tatu baada ya kuacha kilisoma 3, wakati mimi mwenyewe sikuwa nahisi unafuu wowote, bali nilikuwa nikimgombeza kila mtu nyumbani. Kuiona namba hiyo kulinitosha kwa wiki nzima. Niliongezeka kilo 5 mwaka huo. Mshauri wangu alikuwa ameniambia mapema kwamba huwa hivyo, nikawa sina la kushangaa.

Mwulizaji

Nawashukuru nyote. Nitakwenda Jumatatu. Limebaki swali moja: natumia vidonge vya teofilini kwa ajili ya kifua. Je, kuna tatizo nikiacha sigara?

Mfamasia

Umefanya vyema kuuliza, na uitaje dawa hiyo kituoni kabla ya kuchagua tarehe. Kemikali zilizomo katika moshi huchochea ini kuivunja teofilini haraka, hivyo mvutaji hupewa dozi kubwa zaidi. Moshi ukikoma, dawa huanza kulimbikizana katika damu ndani ya siku chache, na daktari huenda akalazimika kuipunguza na kupima kiwango chake. Kibandiko hakibadilishi hilo, kwa sababu mchochezi ni moshi na wala si nikotini. Usipunguze mwenyewe. Ukianza kusikia kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka, usingoje miadi ya wiki ijayo.

Kafeini nayo huvunjwa kwa njia hiyohiyo. Ukinywa vikombe vilevile ulivyozoea, vitakukesha usiku na utadhani ni sigara inayokuita, kwa hiyo anza na nusu.