Mama anabadilishwa valvu ya moyo, daktari anataka afanyiwe pia upasuaji wa Meizi. Aliyepitia anisaidie

BintiKorogwe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi hapa Dar.

Mama ana miaka 52, anauza vitenge sokoni Korogwe. Utotoni aliugua sana mafindofindo, na tumeambiwa hayo ndiyo yaliyokuja kuharibu valvu ya upande wa kushoto wa moyo. Imekakamaa, damu inapita kwa shida. Miaka minne sasa mapigo yake hayana mpangilio: ukimshika mkono unasikia mawili ya haraka, moja linachelewa, halafu matatu kwa mkupuo. Mwaka jana mdomo ulipinda na mkono ukafa ganzi, ukarudi baada ya saa chache.

Leo daktari kasema siku ya kubadilisha valvu watafanya na upasuaji wa Meizi ili mapigo yatulie. Mjomba hataki, anasema moyo wa mtu haukatwi mara mbili. Mama kaniuliza jambo moja tu, kuhusu dawa yake ya kuzuia damu kuganda: "Nikitoka huko, wafarini nitaacha?" Nimeshindwa kumjibu.

MwalimuMstaafu_Muheza

Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Mimi nilifanyiwa vyote viwili kwa pamoja mwaka 2014, Chennai, India, nikiwa na miaka 51.

Mjomba mweleze hivi. Kifua kinafunguliwa mara moja, na chemba ya juu ya kushoto ni lazima ifunguliwe ili waifikie valvu. Meizi inafanyika humohumo. Moyo wenye afya una mpiga kengele mmoja, kama shule yenye mwalimu wa zamu. Kwa mama yako kila mwanafunzi anapiga kengele yake. Daktari anaweka mistari ya makovu kwenye kuta za chemba za juu. Kovu halipitishi umeme, kwa hiyo vurugu inakosa pa kuzungukia na amri inabaki na njia moja ya kushuka. Jina Meizi maana yake ni njia za kupotezana. Aliyeuanzisha ni Dkt. James Cox, huko St. Louis, Marekani, mwaka 1987. Enzi hizo kila mstari ulikatwa kwa kisu na kushonwa. Mimi mistari mingi ilichomwa kwa joto, mingine ikagandishwa kwa baridi kali.

Sasa swali la mama yako, na hapa nakuomba usome mara mbili. Wafarini haitegemei Meizi peke yake, inategemea valvu atakayowekewa. Akiwekewa ya chuma, wafarini ni ya maisha, hata mapigo yakinyooka kama ya mtoto. Mimi ninayo ya chuma. Usiku chumba kikiwa kimya, mke wangu anaisikia ikigonga kama saa. Kipimo changu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, wanataka kiwe kati ya 2.5 na 3.5, na sikosi kliniki.

Lililonitia hofu ni siku ya nne baada ya upasuaji. Mapigo yalirudi kuvurugika, nikalia, nikaona pesa ya ukoo mzima imepotea. Muuguzi akakaa kitandani kwangu akaniambia miezi mitatu ya mwanzo haihesabiwi, moyo umechomwa na umevimba, uache upone. Nilipewa amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, wiki ya sita wakanilaza usingizi wakanishtua kwa umeme. Tangu hapo yametulia. Napanda mlima wa kwenda shambani bila kusimama njiani.

Kosa nililofanya mwenyewe: mgongo uliniuma, nikanunua diklofenaki duka la dawa bila kusema natumia wafarini. Siku ya tatu choo kikawa cheusi kama lami. Nililazwa, nikaongezwa damu chupa mbili. Mwambie mama asimeze kidonge cha maumivu chochote bila kuuliza.

NesiWaZamu

Mwalimu kaeleza vizuri, naongeza machache kwa kuwa nafanya wodi ya moyo.

Dada, muulize daktari chemba ya juu ya kushoto ina ukubwa gani kwenye eko, ile picha ya moyo. Ikiwa imetanuka sana na mapigo yamevurugika kwa miaka mingi, Meizi inaweza isishike, na ni haki yenu kuambiwa hivyo kabla. Uliza pia kama watakiziba kile kifuko kama sikio kilichoko kwenye chemba hiyo, maana damu hupenda kuganda humo, na kwa mtu ambaye mdomo ulishapinda mara moja mimi ningelitaka hilo kuliko kitu kingine. Kwa upande wa hasara, muda kwenye mashine ya moyo na mapafu unaongezeka, na wapo wanaotoka wakihitaji kuwekewa betri ya moyo kwa sababu mapigo yanakuwa ya polepole mno.

Kuna watakaowaambia mtafute ile njia ya waya unaopitishwa pajani. Ni nzuri, lakini valvu iliyokakamaa haiibadilishi. Kama kifua kinafunguliwa, kazi ifanyike humo.

Na sindano ya penisilini ya kila mwezi, ya kuzuia yale mafindofindo yasirudi kuumiza moyo, ulizeni kama ataendelea nayo. Wengi wakishabadilishwa valvu wanaiacha bila kuuliza.

BintiKorogwe

Asanteni sana, Mungu awalipe. Nimemwonyesha mjomba simu, kasoma jibu la Mwalimu lote akanyamaza, jioni akaenda kusaini.

Nimeuliza yote. Chemba ina sentimita 5.4. Daktari hakuficha: kutulia kwa mapigo hana uhakika nako, ila kile kifuko ataziba kwa vyovyote. Valvu itakuwa ya chuma. Nimemwambia mama kuwa wafarini haachi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama matembele atakatazwa, maana anajua mboga za majani na dawa ile hazipatani.

Upasuaji ni Jumanne. Ndugu wanne wameshachangia damu.

MwalimuMstaafu_Muheza

Ale matembele yake. Ila wiki hii kama wiki iliyopita, asile sufuria zima leo halafu akae mwezi bila kuonja. Jumanne nitakuwa macho tangu alfajiri, utuandikie akitoka.